Gari Lisilo na Kiti cha Nyuma

Wiki iliyopita niliishia mlangoni kwa mwajiri mpya, mkononi nina leseni na kichwani nina uongo. Kwa aliyelikosa gazeti, nitarudia kidogo tu, maana kuna mengine bado yananiunguza ulimi.

Nilikuwa dereva wa basi la safari ndefu. Nilisinzia kwenye usukani, basi likaacha njia, na muuguzi mmoja aliyekaa kiti cha mbele akapoteza mguu. Nilipohojiwa nilisema breki ziligoma. Fundi aliyezifunga breki zile alifukuzwa kazi. Mimi nilipewa pole.

Miezi minane baadaye nikaajiriwa kumwendesha mwanamke ambaye wafanyakazi wake walimwita Mama Mikate.

Alikuwa mjane wa miaka sabini na mmoja. Kiwanda chake cha mikate alikianzisha na tanuri moja la udongo nyuma ya nyumba ya kupanga. Mwaka mmoja kabla sijafika alipata kiharusi. Kilimwachia mkono wa kushoto usio na nguvu na ulimi unaochelewa kuanza. Ukishaanza, hakuna wa kuusimamisha.

Alikuwa na mtoto mmoja tu wa kiume, ndiye aliyekisimamia kiwanda. Watu wote, hata mama yake mwenyewe, walimwita Meneja.

Siku ya kwanza Meneja alinikabidhi daftari gumu lenye jalada la bluu.

"Dereva, humu utaandika kila safari. Mmekwenda wapi, saa ngapi, Mama amefanya nini, Mama amesema nini. Usipunguze, usiongeze. Ni kwa ajili ya daktari wake."

"Sawa, bosi."

Kazi ile niliipenda. Shule sikwenda nayo mbali; mwandiko nilijifundisha mwenyewe kwa kunakili mabango ya stendi wakati nasubiri abiria. Basi nikawa naandika kila siku, mstari kwa mstari, kwa kalamu nyeusi, bila kumhukumu mtu.

Ndivyo nilivyojidanganya.

*

Jumatatu moja asubuhi nilipowasha gari, Mama akasema kutoka nyuma, "Leo tunakwenda kutafuta gari."

"Hili lina kasoro gani, Mama?"

"Lina kiti cha nyuma."

Nikacheka. Nilipotazama kwenye kioo, niliona yeye hacheki.

"Tangu niugue," akasema, "naingizwa nyuma kama gunia. Wewe nakujua kisogo tu. Meneja akitaka anaingia na kukaa ubavuni kwangu, nesi aliyeniwekea anakaa upande mwingine, nami nabanwa katikati, nasikiliza watu wakijadili choo changu. Nataka gari la watu wawili. Lisilo na nafasi ya mtu wa tatu. Na paa lifunguke, nione mbingu kabla sijahamia huko."

"Magari ya namna hiyo ni ya fahari, Mama. Ya vijana matajiri."

"Ujana umenipita jikoni. Utajiri bado ninao. Washa."

Sakafu ya duka la magari iling'aa hata mtu ukajiona mpaka ndani ya pua. Muuzaji, mwanamume mwembamba mwenye tai iliyoishia juu ya kitovu, akatupokea kwa mikono miwili.

"Karibu mzazi! Tunamtafutia kijana wetu gari?"

"Kijana gani? Najitafutia mimi."

Akatuonyesha mawili. Moja jekundu, moja la kijivu. Yote ya mbio, yote ya viti viwili, yote yenye paa la kitambaa linalojikunja lenyewe nyuma ya viti ukibonyeza kitufe.

"Haya, mama yangu, wengi wanayanunua wakiwa wanatafuta wachumba."

"Kwani mimi nimekuambia nimeshapata?"

Hata mfagizi alicheka. Mama akaingia kwenye lile jekundu kwa kutanguliza makalio, kama mtu anayekaa kwenye beseni, nami nikamwinulia miguu. Akapapasa dari kwa mkono wake mzima.

"Paa hili limewahi kubadilishwa?"

"Hata siku moja, mama. Limetoka nalo kiwandani."

Kwenye lile la kijivu akauliza habari za breki. Akajibiwa. Tukaondoka.

Jumatano tukarudi. Akaingia kwenye jekundu, akapapasa dari.

"Paa hili limewahi kubadilishwa?"

Nikamkazia macho Mama, nitafute dalili yoyote kwamba anajua ameshauliza. Hakuna. Uso ulikuwa mkavu kama unga. Alichojibu muuzaji nilikisikia nusu nusu. Akahamia kwenye la kijivu, akauliza breki, maneno yale yale.

Ijumaa tukarudi tena. Paa. Breki. Muuzaji alinikonyeza, kama anayeniambia: pole, kaka, una kazi.

Siku hiyo nikiwa nje namsubiri Mama, nililiweka daftari juu ya usukani nikaandika: "Saa nne na nusu. Duka la magari. Mama ameuliza swali la paa mara ya tatu na swali la breki mara ya tatu."

Ningeweka nukta hapo, leo nisingekuwa na hadithi. Lakini nikaongeza maneno mawili.

"Hakuonyesha kukumbuka."

Jumamosi Meneja akalichukua daftari. Alilisoma akiwa amesimama, akarudia ukurasa wa mwisho, kisha akanipiga bega.

"Wewe ni mtu makini sana, dereva."

*

Jumatatu iliyofuata, tukiwa njiani, Mama akasema, "Leo tunachukua la kijivu."

"La kijivu? Si jekundu ndilo ulilolipenda?"

"Jekundu limewahi kuingia maji ya mvua. Paa lake limeshafumuliwa."

"Nani kakwambia?"

"Muuzaji mwenyewe. Siku ya kwanza kasema halijaguswa. Siku ya pili kasema kitambaa kilichanika kidogo, kikabadilishwa. Siku ya tatu kasema kitambaa ni kile kile, ila mota ya kukunjia ndiyo mpya. Wewe ulikuwa hapo. Hukusikia?"

Sikuwa nimesikia, maana nilikuwa namtazama yeye.

"Mwanangu, mimi nimenunua unga miaka arobaini. Mwenye unga akija, namuuliza umesagwa lini. Baada ya siku mbili namuuliza tena. Wiki ikiisha, tena. Mwenye unga mzuri ana jibu moja, na mara ya tatu anaanza kunichoka. Mwenye unga mbovu kila siku ana jibu jipya na adabu nyingi. La kijivu nimeuliza breki mara tatu, jibu likawa moja, na Ijumaa alinikunjia uso. Ndilo hilo tunalochukua."

Nikapaki kando ya barabara.

"Mbona hukuniambia, Mama?"

"Wewe uso wako hausitiri kitu. Ungekuwa unamtolea macho yeye, angeshtuka. Mbona umesimama?"

Nikamwambia habari za daftari, yote, tangu siku niliyopewa.

Hakupiga kelele. Aliuliza tu, "Na majibu yake uliyaandika?"

"Hapana, Mama. Niliambiwa niandike unachosema wewe."

"Kwa hiyo humo kuna maswali matupu."

"Ndiyo, Mama."

"Na nini kingine?"

Nikamtajia yale maneno mawili. Nilimsikia akivuta pumzi ndefu huko nyuma.

"Meneja anataka barua ya daktari kwamba nimepoteza kumbukumbu," akasema. "Akiipata, kiwanda kinaandikwa kwake, nami napelekwa kwenye nyumba ya kulelea wazee. Alishanionyesha picha yake. Kuna kitanda, dirisha na kengele. Nilimwambia sitaki. Akasema, Mama, utasahau kama ulikataa."

"Nisamehe, Mama."

"Geuka nikuone uso."

Nikageuka.

"Wewe je? Nimekuuliza mara tatu kwa nini uliacha basi. Mara ya kwanza umechoshwa na safari ndefu. Mara ya pili kampuni imepunguza madereva. Mara ya tatu mgongo. Mgongo gani huo, unaobeba magunia yangu mawili mawili?"

Nikazima injini.

"Ulijua naongopa, na hukunifukuza?"

"Unaendesha kama mtu aliyebeba mayai ya mwenzie. Nikasema, huyu kuna kitu kimemtokea. Acha akae, siku moja atasema."

Nikasema. Usingizi, muuguzi, mguu, fundi. Nilisema nikiwa nimegeuza shingo mpaka ikauma, kwa sababu sikutaka kumpa kisogo.

"Fundi yuko wapi sasa?"

"Sijui. Niliambiwa amehama."

"Tutamtafuta," akasema Mama. "Tukiwa na gari letu. Washa twende."

Hatukufika. Simu yangu iliita, alikuwa Meneja.

"Mlete Mama kiwandani. Daktari ameshafika."

*

Ofisi ya kiwanda iko juu ya matanuri. Sakafu yake ni ya moto saa zote, ukikaa sana unahisi unaivishwa wewe. Daktari alikuwa amevua koti. Mbele yake palikuwa na karatasi moja yenye nafasi ya sahihi, na daftari la bluu.

Nilitaka kutoka. Meneja akanionyesha stuli iliyokuwa kando ya mlango.

"Kaa, dereva. Leo wewe ndiye shahidi."

Daktari alikuwa mtu mtaratibu. Alianza na Mama. Tarehe ya leo? Akaitaja. Jina la mtaa wa kiwanda? Akalitaja. Saba mara nane?

"Hiyo ni trei moja ya maandazi ya shule," Mama akasema. "Hamsini na sita. Uliza kingine, daktari, usinione mtoto."

Daktari alitabasamu kidogo. Meneja hakutabasamu. Akalifungua daftari.

"Dereva, mwandiko huu ni wa nani?"

"Wangu."

"Mama aliuliza swali moja mara tatu ndani ya wiki moja. Ndiyo au siyo?"

"Ndiyo, lakini alikuwa na sababu. Alikuwa anapima majibu. Muuzaji alibadilisha maneno kila siku."

"Yako wapi hayo majibu?"

"Sikuyaandika."

"Nimempigia muuzaji," Meneja akamwambia daktari. "Anasema jibu lake lilikuwa moja siku zote: paa halijaguswa. Anasema pia alimwonea Mama huruma."

"Anaongopa!" nikasema.

"Nani kati yenu anaongopa, dereva? Hapa umeandika wewe mwenyewe, tena siku ile ile: hakuonyesha kukumbuka. Leo ndiyo umekumbuka kwamba amekumbuka?"

Huko chini mtu alifungua mlango wa tanuri, joto likapanda na harufu ya mkate.

Daktari akaisogeza karatasi kando, akamgeukia Mama. Nitamshukuru mtu yule maisha yangu yote kwa swali alilouliza, na nitalilaani swali hilo hilo.

"Mama, njia yako naielewa. Hata sisi madaktari tunaitumia. Nitajie mtu mmoja tu, mbali na huyu muuzaji, uliyempima hivyo akatoa majibu tofauti. Awe mtu ninayeweza kumuuliza. Akithibitisha, mimi nitaichana karatasi hii na kwenda zangu."

Wauza unga wa zamani wote wamekufa au wamezeeka vibaya. Mtu wa kumtaja alikuwa mmoja, na alikuwa amekaa kwenye stuli.

Mama akanitazama. Alinitazama kwa muda wa kutosha mtu kukanda donge zima. Alijua nami nilijua: akinitaja, nitaulizwa majibu yangu matatu, kisha nitaulizwa la nne, la kweli, mbele ya Meneja. Leseni, kesi, jela.

Ulimi wake ukachelewa kuanza, kama kawaida.

"Sikumbuki," akasema.

"Mtu mmoja tu, Mama. Fikiri."

"Nimesema sikumbuki, daktari."

Meneja akashusha pumzi. Kwa mara ya kwanza niliona hakuwa na furaha; alikuwa amechoka tu, kama mtu aliyefika mwisho wa foleni. Daktari akavuta kalamu.

Wasomaji, mnanijua. Wiki zote hizi nimewasimulia jinsi nilivyounyamazia ukweli: nilinyamaza kwa polisi, nilinyamaza kwa muuguzi hospitalini, nilinyamaza fundi alipotoka getini na sanduku lake la spana. Kunyamaza nakuweza. Ni kazi rahisi, haina jasho.

"Daktari," nikasema nikisimama, "mtu huyo ni mimi."

"Kaa chini!" Mama akasema.

Sikukaa. Nilimwambia majibu yangu yote matatu, nikamwambia la nne. Nilitaja basi, nikataja siku. Nilisema breki zilikuwa nzima kabisa na mimi ndiye niliyelala. Sauti yangu niliisikia kama ya mtu anayesoma tangazo.

Meneja alisimama polepole. "Kwa hiyo, Mama, kwa miezi yote hii umeendeshwa na huyu? Na ndiye unayemtegemea akutetee?"

Akachukua simu yake akaenda dirishani. Kituo cha polisi wa barabarani kiko ng'ambo tu ya barabara, unaweza kuwaita kwa mluzi.

Daktari hakumjali. Aliinama mbele ya Mama.

"Mama, nijibu hili tu. Bwana huyu alikupa majibu matatu tofauti?"

Mama alikuwa ameushika mkono wake mbovu kwa ule mzima, anausugua.

"Bwana yupi?"

"Huyu. Dereva wako."

Akanigeuzia uso. Macho yalinipita yakaenda kwenye mlango, yakarudi, yakatua kwenye shati langu kama yanatafuta pa kukaa.

"Simjui," akasema. "Daktari, huyu ni nani?"

"Mama," nikasema, "ni mimi."

"Mwambieni atoke. Kuna joto humu."

Nilimkodolea macho yale nikitafuta ujanja. Nilijiambia ananificha, anataka maneno yangu yawe upuuzi wa mtu asiyejulikana ili niponee. Nilijiambia hivyo. Lakini nilikuwa nimeshamsoma vibaya mara moja, na safari hii sikuthubutu kumwandikia neno.

"Bwana, toka kidogo," daktari akasema. Sauti yake ilikuwa imebadilika. "Meneja, acha simu, niletee maji."

Nikashuka ngazi. Wapakiaji walikuwa wakipanga mikate kwenye trei. Mmoja akanirushia utani juu ya gari jipya, eti nitamsaliti mke kwa kitu chenye magurudumu. Askari mmoja wa barabarani alikuwa anaingia getini, kofia kwapani.

"Dereva wa Mama Mikate ni nani hapa?"

Hakuna aliyeninyooshea kidole. Geti lilikuwa wazi nyuma ya askari, na barabara ilikuwa imejaa watu wasionijua.

"Ni mimi," nikasema.

Akanishika juu ya kiwiko. Tulikuwa tumepiga hatua tatu hivi dirisha la ofisi lilipofunguliwa kwa kishindo. Daktari akatoa kichwa.

"Afande, usimwondoe huyo! Mlete juu, upesi! Mama anamtaka yeye!"

Nyuma yake kiti kikaanguka. Kisha nikamsikia Meneja, mtu ambaye tangu nimjue hakuwahi kupaza sauti, akilia "Mama! Mama!" kama mtoto aliyepotea sokoni.